Malalamiko Kuhusu Binti Anayefagia Kupita Kiasi

Mtaa wa Juu,
Tunduma.
Mwezi wa pili, mvua zikiendelea.

Kwa Mzee Luhaga Makene,
Kamsamba, Momba.

Mkwe wangu mheshimiwa,

YAH: BIDII YA BINTI YENU NYANZOBE KATIKA UFAGIAJI WA UWANJA WANGU

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapopanda vichaka vya maua kwenye udongo mbovu ni kuliangalia shimo peke yake. Wanachimba shimo, wanalijaza vitu vizuri, wanasimamisha mche, wanamwagia maji, kisha wanaingia ndani kunywa chai wakiamini kazi imekwisha. Hawautazami udongo wa juu, ule ulio kati ya mche na mche, ambao ndio utakaoamua kama mche utaishi. Udongo huo ukiachwa uchi, mvua inaupiga, jua linauchoma, na baada ya muda unakuwa mgumu kama sakafu ya benki.

Nimeanza na maelezo haya ili ujue kwamba jambo ninalolalamikia ni la kitaalamu. Si chuki, wala si dalili kwamba ndoa ya watoto wetu ina matatizo. Ndoa ni nzima. Osward na mkewe wanacheka usiku mpaka tunawagongea ukuta. Kama umeshasimama kutafuta fimbo na kofia yako uje Tunduma, tafadhali kaa, mkwe, uendelee kusoma.

Malalamiko yangu ni kwamba binti yenu anafagia.

Najua yanavyosikika. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na nimewasikia wazee wakivutana mbele yangu kwa sababu ya mabinti wavivu, mabinti wakali, na mabinti waliorudi kwao na sufuria. Sijawahi kusikia mzazi akilalamikiwa kwa kumlea binti vizuri mno. Nakubali kuwa wa kwanza kuleta shauri la aina hii, na nitajitahidi kupanga hoja zangu kwa utaratibu ili atakayekuwa wa pili apate mfano.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikukupigia simu. Kwenye simu wewe hucheka, mkwe. Ukicheka na mimi nacheka, na tukishacheka nasahau hoja ya tatu.

Sasa nikukumbushe chanzo. Mlipokuja kutazama kwetu wakati wa mazungumzo ya posa, ulisimama barazani ukautazama uwanja wangu kwa muda, halafu ukasema mbele ya watu wote, "Mkwe, hapa kwako hata mbuzi akipotea hana pa kujificha." Mdogo wako akadakia, "Hawa watu wa milimani wakishahamia barabarani wanasahau majani yana rangi gani." Watu walicheka sana. Nilicheka pia, tena kwa sauti, kama inavyompasa mwenyeji. Lakini sisi tumetoka Ileje, mkwe. Kule Itumba mtu akikata mti mlangoni kwake anaulizwa ana shida gani. Kwa hiyo nilisimama palepale nikatamka kwamba siku utakayorudi kutusalimia utakaa baraza ileile na hutayaona malori ya barabarani. Utaona maua. Ukasema utakuja Pasaka, nami nikakupa mkono. Ahadi mtu anayoitoa mbele ya wakwe haifutiki kirahisi, na Pasaka, kama unavyojua, haisubiri mtu.

Nielezee na udongo wenyewe, maana bila kuujua hutaelewa uzito wa shauri. Kabla sijakinunua kiwanja hiki kilikuwa maegesho ya malori. Greda lilipita likakwangua udongo wote mweusi, wakamwaga moramu, wakaishindilia, kisha malori ya mizigo yakaikalia kwa miaka yakidondosha oili. Ukipiga sululu hapa inadunda na kukurudia usoni. Ndipo nikaenda Vwawa kwa kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara, anaitwa Clement, nikachagua haibiskasi na bogenvilia. Clement akaniambia, "Mzee, hizi hazifi hata ukizitukana." Nilimwamini, na mpaka leo sijazitukana.

Nilipanda kama inavyotakiwa. Katika udongo mbovu shimo linapaswa kuwa pana kuliko kina, na kingo zake zivunjwevunjwe ili mizizi ipate pa kutokea. Unarudishia udongo uleule wa hapo ukiwa umechanganywa na samadi kidogo iliyooza, kwa sababu mche ukizoeshwa raha ya shimoni hautaki kutoka nje, kama mtoto aliyelelewa kwa bibi. Halafu juu yake unaweka matandazo: majani makavu, maganda ya maharage, mabua, chochote kinachooza. Matandazo yanazuia jua, yanapunguza kishindo cha mvua, na yanawaita mchwa na minyoo waje walime bure. Mimi nilikwenda mpaka Ruanda, hii ya mkoani kwetu, kuomba maganda ya kahawa kwa wakulima. Nikayatandaza jioni kuzunguka kila mche, mazito, meusi, yenye harufu nzuri. Nikalala nimefurahi.

Kulipopambazuka nilisikia sauti ya fagio.

Naomba sasa nitaje malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Binti yenu anaamka kabla ya jua na kufagia uwanja wote, kuanzia mlango wa jiko mpaka kwenye geti, bila kuruka hata jani. Hafagii kama watu wa hapa mjini wanaosukuma taka upande wa jirani. Anainama, anavuta fagio kwa mistari iliyolingana, na anarudi nyuma kinyumenyume ili hata nyayo zake zisibaki. Nikitoka barazani nakuta uwanja umechorwa kama nguo mpya ya darizi, na katikati yake miche yangu imesimama kwenye moramu tupu, haina hata ganda moja la kujifunika. Maganda ya kahawa niliyoyabembeleza Ruanda yako kwenye shimo la taka yanafuka moshi. Niliyatandaza tena. Yakafagiliwa tena. Nilijaribu majani ya migomba, nikajaribu mabua, nikajaribu kuyakandamiza kwa mawe. Aliyaokota mawe akayapanga vizuri ukutani kwa ukubwa wake.

2. Siwezi kumwambia. Hili, mkwe, ndilo linaloniumiza zaidi, na nyinyi wa Momba mtalielewa kwa sababu na kwenu heshima ni heshima. Kwa desturi ya nyumbani kwetu, baba mkwe hasimami uso kwa uso na mke wa mwanawe kumweleza mambo ya kazi. Vijana wa siku hizi wanatuona wa zamani, lakini ndivyo nilivyolelewa, na Nyanzobe mwenyewe akiniona kwa mbali anapiga goti, ananiamkia, anapita pembeni. Kwa hiyo neno langu lazima lipite kwa watu. Nilimwambia mke wangu, "Mama Osward, naomba umwambie mkamwana asiyaguse yale maganda." Jenista akanitazama kama nimepandwa na homa. "Nikamwambie mtoto wa watu aache kufagia? Aende akasimulie kwao kwamba baba mkwe wake anapenda kukaa kwenye takataka?" Akampunguzia neno Osward: "Mwambie mkeo baba anauangalia sana huo uwanja." Osward, ambaye katika mambo ya nyumbani ni mwoga kuliko kuku, akampunguzia tena mkewe: "Baba anaufurahia sana uwanja." Hivyo lalamiko lililotoka kinywani mwangu likiwa lalamiko lilimfikia binti yenu likiwa shukrani. Kesho yake aliamka mapema zaidi. Nikatuma lalamiko la pili, zito kuliko la kwanza, likafika kama shukrani nzito kuliko ya kwanza. Sasa anafagia na jioni.

3. Hapa mshtakiwa ni wewe mwenyewe. Yale magunia ya samadi mliyotuletea kwa Fuso yalikuwa zawadi kubwa, na mbele ya majirani nilijisikia mtu. Nashukuru. Lakini samadi ile ilikuwa bado ina joto la ng'ombe. Binti yenu, kwa mapenzi tu, alifukua udongo wangu wote niliouchanganya kwa kipimo, akajaza mashimo kwa samadi tupu mpaka juu, kisha akaishindilia kwa mguu. Nieleze. Shimo la samadi tupu katikati ya moramu ni kama karai. Maji yakiingia hayatoki, na mizizi inazunguka humohumo kama wageni waliokataa kuondoka sebuleni. Na samadi mbichi inaunguza. Haibiskasi zangu ziligeuka kahawia kuanzia kwenye ncha za majani, moja baada ya nyingine, huku Nyanzobe akizimwagilia maji asubuhi na jioni kwa huruma, akidhani zina kiu.

Hapa niongeze jambo ambalo silihesabu kwenye malalamiko. Kwa sababu ya vumbi la malori, binti yenu huchukua kitambaa chenye maji akafuta majani ya miche, jani moja moja, kama anavyofutwa uso mtoto anayepelekwa kanisani. Nilimwona kupitia dirishani. Sina hoja ya kisheria kuhusu hilo. Nilipoliona nilipata shida kuendelea na hasira, nikalazimika kwenda kulala kidogo.

4. Fagio alilokuja nalo kutoka kwenu, lile mama yake alilomkabidhi siku ya kumuaga, liliisha kwa kazi likabaki kisiki. Akatafuta vijiti vya kutengeneza jingine. Katika uwanja wote kulikuwa na kichaka kimoja tu kilichokuwa kimeshika vizuri, haibiskasi iliyo karibu na tenki la maji, ambayo kwa bahati ilikosa samadi. Ilikuwa na vijiti virefu, vilivyonyooka, vinavyopindika bila kukatika. Mkwe, unaelewa ninakoelekea. Kwa lugha ya mahakamani, aliyeshambuliwa amekatwa ili itengenezwe silaha ya kuwashambulia ndugu zake. Na ni fagio zuri sana. Hata mimi nilipolishika nilikiri hivyo.

5. Ugonjwa umeenea. Jirani yetu Rozi, ambaye tangu tuhamie hapa nyua zetu zilikuwa zinafanana kwa uchafu wa kiasi, alikuja akaangalia, akaondoka amebetua midomo. Jenista alimsikia akiwaambia wenzake bombani, "Tunashindwaje na Msukuma wa watu?" Sasa Rozi anafagia mpaka kwenye lami. Nyumba inayofuata nayo imefuata. Mtaa mzima umekuwa uchi, hakuna hata nyasi ya kuyazuia maji, na sisi tuko mlimani. Mvua ya juzi iliponyesha, udongo mchache niliokuwa nao uliingia mtaroni, ukateremka kuelekea mpakani, na sina shaka kwamba umeshavuka. Umeingia Zambia bila pasi na bila ushuru. Msimu ujao watu wa Nakonde watapanda mahindi kwenye udongo wangu, halafu watatuuzia unga. Nimewahi kuwahukumu watu kwa kuvusha magendo madogo kuliko hayo.

Kutokana na hayo, mkwe, ninaomba yafuatayo.

Kwanza, umfundishe binti yenu uvivu. Siombi uvivu wa kupindukia. Naomba ule wa wastani, wa kumwezesha mtu kutazama jani limeanguka na kusema, "Litakaa." Najua wewe mwenyewe huwezi kuwa mwalimu, kwa kuwa nilikuona unavyoamka. Lakini siku ya harusi ulinilalamikia kuhusu mdogo wake, Happy. Ulisema, "Huyu ukimwamsha asubuhi anakuuliza, asubuhi ya wapi?" Huyo ndiye ninayemhitaji. Aje akae nasi kama mkufunzi. Tutamlisha vizuri, na hatutamwamsha.

Pili, kama Happy hapatikani, basi mafagio yote mawili, la zamani lililobaki kisiki na hili jipya la haibiskasi, yarudi kwenu Kamsamba. Narudia ili pasiwe na utata baadaye: mafagio yarudi, binti abaki.

Tatu, yote mawili yakishindikana, nitapeleka ombi kwenye kata ili itungwe sheria ndogo. Rasimu nimeshaiandika. Inasema kila fagio la uwanjani lisajiliwe kwa jina la mmiliki. Inasema kufagia karibu na mche wa maua kuhesabiwe sawa na kuingia shambani kwa mtu bila ruhusa. Inasema pia kwamba bibi harusi katika mwaka wake wa kwanza afagie ndani ya nyumba tu, tena mbele ya shahidi mwenye umri wa kutosha. Kifungu cha mwisho kinaitaka Zambia iturudishie udongo. Sitarajii kitapita kwa urahisi, lakini sheria yoyote nzuri huanza kwa kuchekwa.

Nakuomba usione vibaya. Nimeandika kwa sababu Pasaka inakaribia, na sitaki uketi barazani kwangu utazame vijiti vikavu, halafu mdogo wako aseme tena lile neno lake. Neno lile limelala kifuani kwangu tangu posa.

Nikiwa bado na heshima yote ninayopaswa kuwa nayo kwa mtu aliyenipa mtoto mwema kupita mahitaji yangu, naiacha kalamu hapa. Msalimie mama Nyanzobe, mwambie Jenista bado anakifunga kile kitenge alichompa. Msalimie mdogo wako, lakini kwa kifupi. Wasalimie watoto, na Happy akiamka. Wasalimie na ng'ombe, ukimwacha yule dume aliyenifukuza mbele ya kamati ya harusi.

Mimi mkwe wako,
Yesaya Kibona,
Hakimu Mstaafu.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa haijaondoka, kwa kuwa dereva wa gari la Kamsamba alikuwa bado anasubiri mzigo. Niliiacha mezani, Jenista akaichukua, akaisoma jikoni kwa sauti akidhani inachekesha. Nyanzobe alikuwa hapo anachagua mchele. Jenista anasema binti hakucheka wala hakulia. Alisema tu, "Baba asiaibishwe kwa ajili yangu," akimaanisha wewe. Kesho yake hakufagia.

Mkwe, sikujua nilichokuwa nakiomba. Kwanza kulikuwa kimya. Nilikuwa sijatambua kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia nimeamka mzima. Nilitoka barazani nikakuta majani, mifuko ya plastiki kutoka barabarani, na nyayo za kuku kila mahali. Nikajiambia, vizuri, udongo umefunikwa, nikatandaza na maganda ya kahawa yaliyokuwa yamebaki kwenye gunia. Chai nikaenda kuinywa ndani. Saa ya watu kwenda sokoni Rozi alifika, amejifunga khanga vizuri, anaongea kwa sauti ya chini. "Pole, mzee. Ameondoka lini?" Nikamuuliza nani ameondoka. Akatazama uwanja, akatikisa kichwa, akasema, "Na alikuwa mtoto mzuri jamani." Baada yake akaja Erica wa kwaya na bakuli la maharage, kama tunavyopelekewa wakati wa msiba. Kabla ya mchana Luka wa bodaboda alisimama getini akajitolea kunileta Kamsamba nikuombe msamaha. "Mzee, ukichelewa utadaiwa ng'ombe wa faini," akasema. Huku Nyanzobe yuko ndani, mzima, anakaanga samaki.

Nilichukua fagio mwenyewe. Jenista alisimama getini na kitenge amekitandaza ili wapita njia wasinione. Nilifagia vibaya, na nilipoinuka nikakuta nimeyasomba maganda yote ya kahawa kwenye miche, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, maana uwanja ulikuwa hautulii machoni mpaka yaondoke. Lakini mistari iliyopinda ilinisaliti, na kwa Rozi uwanja wa mzee aliyefagia mwenyewe ulikuwa ushahidi kamili. Anasema nimeanza kuishi kama mgane.

Tumembembeleza Nyanzobe arudie kazi yake. Anajibu kwa adabu kwamba shauri liko kwa baba yake, na atafanya baba yake atakavyoamua. Jenista anasema alikuwa anatabasamu alipolisema hilo, lakini mimi kwa desturi sikumtazama usoni. Basi nafuta malalamiko yote, na rasimu nimeshaichana. Njoo Pasaka ukute vijiti vikavu kwenye uwanja uliofagiliwa, na mdogo wako aseme atakalo. Hilo nitalibeba. Neno lililoanza kuzunguka mtaani, kwamba mtoto wenu ametushinda akarudi kwao, siwezi kulibeba hata siku moja.

Usiijibu barua hii. Mpigie simu Nyanzobe leo hii, umwambie afagie.